Mwalimu Aliyeshika Funguo za Hazina: Kesi ya Francis Cardozo, South Carolina, 1877

Novemba 1877, mjini Columbia, makao makuu ya jimbo la South Carolina, mahakama ilimtia hatiani mtu aliyeishika hazina ya jimbo hilo kwa zaidi ya miaka minne. Kosa lilikuwa kula njama ya kuilaghai serikali. Adhabu ikawa miaka 2 jela na faini ya dola 4,000. Mfungwa huyo, Francis Lewis Cardozo, alikuwa na umri wa miaka arobaini na kidogo. Amewahi kuwa seremala, mchungaji, mwalimu wa Kilatini na mwanzilishi wa chuo cha ualimu, na ndiye mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kushika wadhifa wa jimbo zima katika South Carolina.

Mwaka 1879 gavana wa Democratic, chama kilekile kilichomfikisha kizimbani, alimsamehe, na hakuna ushahidi mpya uliomsukuma kufanya hivyo. Ulikuwa ni mpango wa nipe nikupe, na nitaueleza mbele kidogo.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kwa njia mbili. Wapo waliosema kwa karibu karne nzima kwamba Cardozo alikuwa mmoja wa genge la wezi lililojazana Columbia baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865). Wapo wanaosema leo kwamba alikuwa malaika aliyesingiziwa. Mimi sioni raha na simulizi yoyote kati ya hizo. Swali la "aliiba au hakuiba" ndilo washtaki wake walilotaka tubaki nalo, kwa sababu ukibaki nalo huulizi kwa nini alishtakiwa yeye, wakati ule, na kwa nini waliomfunga hawakuwa na haraka hata kidogo ya kuona anamaliza kifungo.

Alikotoka

Charleston ya miaka ya 1830 ilikuwa mji wa bandari ulioshiba kwa jasho la watumwa. Ndani yake kulikuwa na tabaka dogo la watu weusi walio huru, wengi wao machotara, mafundi hodari wenye nyumba zao na makanisa yao, ambao uhuru wao ulikuwa na masharti kila kona. Cardozo alizaliwa humo. Mama yake, Lydia, alikuwa mwanamke huru. Baba yake, Isaac Nunez Cardozo, alikuwa Myahudi wa ukoo uliotoka Ureno na Hispania, mtumishi wa forodha pale bandarini.

Mwaka 1834, miaka michache tu kabla hajaanza kusoma, bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kukataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Mzungu aliyevunja sheria hiyo angetozwa faini na kufungwa. Mtu mweusi huru angetozwa faini na kuchapwa viboko. Shule za watu weusi huru zilibanwa mpaka nyingine zikafungwa. Daniel Payne, aliyekuja kuwa askofu mashuhuri, alifunga yake mwaka 1835 na kuondoka jimboni. Cardozo alibahatika kusoma mpaka akafika miaka 12, kisha akapelekwa kwa fundi seremala. Miaka mitano ya uanagenzi, mingine kadhaa ya kufanya kazi kwa malipo, na akiba ya randa na msumeno ikampeleka Glasgow mwaka 1858.

Huko Uskoti alisoma Kigiriki na Kilatini, akapata tuzo, kisha akaingia katika masomo ya uchungaji Edinburgh na London. Wakati wenzake wa Charleston wakiuliza kama vita vitafika mlangoni kwao, yeye alikuwa akinyambua vitenzi vya Kigiriki. Aliporudi Marekani mwaka 1864 alipewa kanisa New Haven, Connecticut, akaoa, na angeweza kuishi hapo maisha ya heshima mpaka uzeeni.

Kilichomrudisha Charleston mwaka 1865 ni aibu ya familia. Shirika la wamisionari lililokuwa likipeleka walimu Kusini, American Missionary Association, lilikuwa limemweka kaka yake, Thomas, kusimamia shule zake za Charleston. Ikagundulika kwamba Thomas, alipokuwa akifundisha New York, alikuwa na uhusiano na mwanafunzi wake. Akaachishwa, na Francis akaitwa kuziba pengo. Aliwaambia wazi mabwana wa shirika kwamba kilichomtoa New Haven ni nia ya kujenga chuo cha kuwafundisha weusi wawe walimu, na kwamba bila chuo hicho asingekuja. Kwa hesabu yake, shule ya watoto peke yake ingewafanya watu wake waendelee kusubiri meli ya walimu kutoka Kaskazini kila mwaka.

Shule ilianza kwa kuhamahama. Jengo la kwanza lilikuwa mali ya mji, na wenyewe waliporejea walilidai. Mwaka 1868 ndipo Avery Normal Institute ilipopata jengo lake mtaa wa Bull, kwa fedha za urithi wa mchungaji Charles Avery wa Pittsburgh pamoja na mkono wa serikali kuu. Jengo lile lipo mpaka leo, na sasa ni kituo cha utafiti wa historia ya watu weusi. Ukiona vyaelea vimeundwa, na huyu aliunda.

Msomaji wa huku kwetu anaweza kumfikia Cardozo kwa mlango mwingine. Binti yake alimzaa Eslanda Goode, mwanaanthropolojia aliyeolewa na mwimbaji Paul Robeson. Mwaka 1936 Eslanda alisafiri na mwanawe mdogo mpaka Uganda na kukaa Toro kati ya watu wa huko. Kwa hiyo mjukuu wa mweka hazina wa Columbia amekunywa maji ya magharibi ya Uganda. Hilo ni la pembeni, turudi kwenye kesi.

Mwalimu katika Bunge la Katiba

Januari 1868 wajumbe 124 walikutana Charleston kuandika katiba mpya ya South Carolina. Weusi walikuwa 76. Halikuwahi kutokea jambo kama hilo katika jimbo lolote la Marekani: waliokuwa wakiuzwa mnadani miaka mitatu nyuma sasa walikaa wakiandika sheria za kuwatawala waliokuwa mabwana zao. Cardozo alikuwa miongoni mwao, akapewa uenyekiti wa kamati ya elimu.

Nimeisoma michango yake katika kumbukumbu za mkutano ule, na kinachonishangaza ni kwamba hahubiri. Anapiga hesabu. Kamati yake ilileta mambo mawili yaliyowachoma watu. Kwanza, watoto wa miaka 6 hadi 16 walazimike kusoma kwa muda usiopungua miezi 24, mfumo ukishasimama. Pili, shule na vyuo vyote vinavyolishwa na fedha za umma viwe wazi kwa watoto wote bila kujali rangi. Wapinzani wakapaza sauti kwamba wazungu watalazimishwa kukaa dawati moja na watoto wa watumwa.

Cardozo akajibu kama mwalimu anayemrudisha mwanafunzi kwenye swali lililoulizwa. Katiba, alisema, haijakataza shule za kutengana, na katika wilaya nyingi zitakuwapo kwa hiari ya watu. Hata wanafunzi wake mwenyewe pale Charleston wasingependa kuhamia shule ya wazungu. Lakini penye watoto wachache wa kila rangi, kujenga shule mbili ni kupoteza fedha. Na mtoto mweusi akifika mlangoni pa shule ya umma, asiwepo mtu mwenye haki ya kumfungia.

Kuna wanaoliona jibu hilo kuwa woga. Naliona kuwa ujanja wenye gharama. Alipata mlango wazi kwenye karatasi kwa kuwahakikishia wakubwa kwamba wachache watauingia. Miaka 27 baadaye, katiba ya 1895 iliufunga mlango huo kwa maandishi: mtoto wa rangi moja asiruhusiwe kamwe kusoma shule ya rangi nyingine.

Hoja yake nzito zaidi ilihusu ardhi, na ndiyo ninayoamini ilimwekea kisasi. Wenye mashamba makubwa walikuwa wamezama katika madeni, na baadhi ya wajumbe, weusi kwa weupe, walitaka sheria ya kuwapa wadaiwa nafuu ili mashamba yasiuzwe kwa mnada. Kwa juu juu ilionekana ni huruma. Cardozo alikataa. Mfumo wa mashamba makubwa, alisema, ndiyo ngome ya utumwa, na ni bure kujenga shule huku ngome imeachwa imesimama. Mashamba yauzwe, yagawanyike, wanunuzi wadogo wapate vipande. Hapo hamtishi mtu kwa dawati. Anagusa hati ya shamba.

Funguo zenyewe

Mwaka huohuo wa 1868 alichaguliwa Katibu wa Jimbo. Mwaka 1871, akiwa bado na cheo hicho, alikwenda Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kufundisha Kilatini. Nadhani picha hiyo inatosha kueleza moyo wake ulikuwa wapi. Kisha mwaka 1872 akachaguliwa Mweka Hazina.

Kabla ya hapo alikabidhiwa jambo lililokwisha kuvurugwa na wengine. Jimbo lilikuwa limeunda Tume ya Ardhi mwaka 1869: serikali inunue mashamba, iyakate vipande, iviuze kwa wasio na ardhi kwa malipo ya muda mrefu. South Carolina peke yake ndiyo iliyothubutu. Msimamizi wa kwanza, Charles Leslie, mzungu kutoka Kaskazini, aliifanya tume kuwa kisima cha marafiki: mabwawa na nyika zilinunuliwa kwa bei za juu kutoka kwa wenzao. Mwaka 1872 tume ikawekwa chini ya ofisi ya Cardozo, naye akaanza kusafisha daftari. Kufikia 1876 familia kama 14,000 za weusi zilikuwa zimewekwa kwenye viwanja vya tume hiyo. Kijiji kimoja kilichozaliwa humo kinaitwa Promised Land, Nchi ya Ahadi, na jina hilo halijafutika.

Sasa hazina yenyewe. Aliikuta katika hali ambayo ukiwa mweka hazina mwenye akili ungekimbia. Mtangulizi wake, Niles Parker, na wenzake walikuwa wametoa hati fungani, yaani karatasi za mkopo wa serikali, kiholela mpaka hakuna aliyejua jimbo linadaiwa kiasi gani hasa. Desemba 1873 bunge likapitisha sheria ya kukata: hati za karibu dola milioni 6 zikakataliwa kabisa, na zilizobaki zikabadilishwa kwa hati mpya zenye nusu ya thamani. Kazi ya kubadilisha ilikuwa ya Mweka Hazina. Kila siku mtu analeta mezani karatasi na kudai ni halali, na kila karatasi ikikataliwa kuna mtu anaondoka na chuki.

Yeyote aliyewahi kuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa anajua chuki hiyo inavyoota. Mwaka 1875 bunge, ambalo wengi wake walikuwa wa chama chake mwenyewe, Republican, lilijaribu kumwondoa. Shutuma zilihusu namna alivyoshughulikia hati fungani na riba zake. Gavana Daniel Chamberlain alisimama upande wake. Kura zikapigwa, jaribio likashindwa. Kumbuka jambo hili tukifika mahakamani: miaka miwili kabla ya kesi, daftari zake zilikuwa zimekwisha kupekuliwa na watu wenye hamu ya kumwangusha, na hawakumwangusha.

Huku akibeba haya yote alikuwa akisoma sheria. Mwaka 1873 Chuo Kikuu cha South Carolina kilimpokea mwanafunzi wake wa kwanza mweusi, walimu wengi wa kizungu wakajiuzulu, na kwa miaka minne kikawa chuo cha mchanganyiko, cha pekee Kusini kati ya vyuo vikuu vya majimbo. Cardozo alihitimu shahada ya sheria hapo mwaka 1876. Mwaka uliofuata serikali mpya ilikifunga, na kilipofunguliwa tena 1880 kilikuwa cha wazungu peke yao.

Karatasi iliyomfunga

Uchaguzi wa 1876 sitausimulia wote. Julai, katika kijiji cha Hamburg, wanamgambo weusi waliokuwa wameshakamatwa waliuawa kwa kupigwa risasi. Wapanda farasi waliojulikana kwa mashati yao mekundu walizunguka wilaya kwa wilaya wakimpigia debe mgombea ugavana wa Democratic, jenerali wa zamani wa jeshi la Kusini, Wade Hampton. Wilaya ya Edgefield ilihesabu kura nyingi kuliko wapiga kura wake. Jimbo likawa na magavana wawili na mabunge mawili, mpaka Aprili 1877 Rais Hayes alipoondoa askari wa serikali kuu kwenye jengo la bunge. Chamberlain akaondoka. Mei Mosi Cardozo naye akaiacha ofisi.

Bunge jipya likaunda kamati ya kuchunguza ulaji wa serikali iliyopita. Ulaji ulikuwapo kweli, asikudanganye mtu. Kulikuwa na baa ndani ya jengo la bunge iliyowanywesha wabunge kwa fedha za umma. Kulikuwa na samani za serikali zilizoishia majumbani mwa watu. Kulikuwa na kampuni ya uchapishaji iliyomilikiwa na makarani wa bunge haohao waliopitisha bili zake.

Na kulikuwa na hati za malipo. Hizi ndizo ninazotaka tuziangalie kwa karibu, kwa sababu ndizo njia ambayo wizi mwingi wa Columbia ulipitia. Bunge likimwajiri mtu, tuseme tarishi au karani, liliandika hati ya kusema anadai kiasi fulani. Hati ilisainiwa na kiongozi wa baraza husika la bunge na karani wake. Mwenye hati aliipeleka hazina akalipwa, au aliiuza mtaani kwa bei pungufu kwa mtu mwenye subira, na huyo ndiye aliyekwenda hazina. Mwizi alihitaji kitu kidogo tu: jina la mtu asiyefanya kazi yoyote, na saini mbili. Hati ikishasainiwa inafanana na halali kama mapacha. Kwa Mweka Hazina inafika karatasi yenye saini zote zinazotakiwa na sheria.

Kwa hiyo kesi ya njama dhidi ya Mweka Hazina haiwezi kuthibitishwa kwa kuonyesha kwamba alilipa hati chafu. Kila Mweka Hazina wa Columbia wa miaka ile angelipa hati chafu. Lazima uthibitishe alijua, na kwamba alikubaliana na walioitengeneza. Ujuzi wa namna hiyo hauko kwenye daftari, uko vinywani mwa watu. Na vinywa gani? Wanaojua njama ni wanjama wenyewe. Ndiyo maana upande wa mashtaka ulihitaji watu waliokiri kuiba na waliokuwa na kila sababu ya kusema kinachotakiwa. Angalia kesi ya mwenzake, Robert Smalls, mbunge wa Congress aliyewahi kuwa mtumwa na kutoroka na meli ya jeshi la Kusini mwaka 1862. Smalls alitiwa hatiani mwezi huohuo kwa rushwa ya dola 5,000, na shahidi mkuu alikuwa Josephus Woodruff, karani wa Seneti na mwenye hisa katika kampuni ile ya uchapishaji. Woodruff aliyekiri kuhonga akapewa kinga. Smalls akahukumiwa miaka mitatu.

Watu wengi walifunguliwa mashtaka. Waliobebeshwa kesi hadi hukumu ni watatu: Cardozo, Smalls, na mzungu mmoja wa Republican, Cass Carpenter, aliyekuwa mbunge wa Congress. Magavana waliotajwa kwa ulaji mkubwa, na Parker aliyeacha hazina bila hesabu inayoeleweka, hawakuonja adhabu hiyo. Ukitaka kuwaadhibu wezi, orodha hiyo haieleweki. Ukitaka kuwaondoa watu ambao wapiga kura weusi bado wangewasikiliza kesho, inaeleweka vizuri sana. Smalls alikuwa na wilaya nzima ya Beaufort mkononi. Cardozo alikuwa na kitu kigumu zaidi kukivunja, yaani sifa ya uadilifu. Alikuwa mfano ambao kila Republican aliutoa akitaka kuonyesha kwamba serikali ile haikuwa ya wahuni watupu. Mfano huo ukiporomoka, samaki mmoja akioza wote wameoza.

Hapa sharti niseme na upande wake wa kulaumiwa, maana si haki kumtetea kwa kufumba jicho moja. Cardozo alijua alikuwa na watu gani. Alikaa serikali moja na Gavana Franklin Moses, ambaye hata wenzake walimwona mwizi. Aliposafisha ofisi yake aliamini amemaliza wajibu, kana kwamba mwalimu akiweka darasa lake safi hana neno na moshi unaotoka darasa la jirani. Alikuwa na imani ya mtu wa shule: ukionyesha njia ya hesabu, jibu litakubaliwa. Mwaka 1875 imani hiyo ilimwokoa, kwa kuwa waliomhukumu, pamoja na hasira zao, walikuwa bado wanahitaji serikali iendelee. Mwaka 1877 waliokaa upande wa pili hawakuhitaji daftari zake zikae sawa. Walihitaji neno "hatiani" liandikwe mbele ya jina lake.

Msamaha wa biashara

Alikaa jela ya wilaya kwa zaidi ya miezi sita. Wakati huo wanasheria wa serikali kuu walikuwa na majalada yao dhidi ya wazungu wa Democratic, kwa kuwatisha na kuwashambulia wapiga kura katika uchaguzi ule wa damu. Pande mbili zikawa zimeshikana mashati, kila mmoja ana wafungwa au watarajiwa wa mwenzake. Zikaelewana. Kesi za serikali kuu zikaachwa, na mwaka 1879 Gavana William Simpson akawasamehe Cardozo, Smalls na Carpenter.

Nimejaribu kumfikiria mtu aliyeamini kwa dhati mwaka 1877 kwamba Cardozo ameibia wajane na yatima wa South Carolina. Mtu huyo angepaswa kupiga kelele siku ya msamaha. Kelele hazikuja. Hukumu ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake, na ripoti nene ya kamati ilikuwa imekwisha kuchapwa mwaka 1878, tayari kunukuliwa na kila mwanasiasa na mwandishi wa vitabu vya shule kwa miongo mingi. Waliobadilishwa kwa msamaha huo ni wale waliopiga watu risasi vichakani. Kwao walioiendesha biashara hiyo, mhasibu mmoja mweusi kwa kundi zima la wauaji ilikuwa bei nzuri.

Cardozo naye hakukaa kuomboleza. Hata kabla ya msamaha alikuwa amekwenda Washington, na huko aliajiriwa katika Wizara ya Fedha ya Marekani. Najua ajira zile zilikuwa za kubebana kisiasa, kwa hiyo siichukui kama cheti cha usafi. Lakini inachekesha kidogo: mtu ana hukumu ya kuilaghai hazina ya jimbo, na wenye hazina ya nchi nzima wanampa dawati.

Mwaka 1884 alirudi kwenye kazi aliyoitaka tangu mwanzo. Akawa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya weusi ya Washington, ambayo baadaye ilifahamika kwa jina la mtaa wake, M Street. Aliiongoza kwa miaka 12, ikiwa miongoni mwa shule bora za weusi nchini, yenye Kilatini kama kawaida yake. Ila aliongeza kitu ambacho hakikuwa cha Glasgow. Alianzisha masomo ya biashara, na ndani yake vijana wakafundishwa kutunza daftari za hesabu. Sijaona mahali aliposema kwa nini. Nawaona tu watoto wa watu waliozaliwa utumwani wameinamia mistari ya mapato na matumizi, na mbele yao kasimama mwalimu aliyelala jela kwa ajili ya mistari hiyo.

Alipokuwa akiongoza shule hiyo, mwaka 1895, South Carolina iliandika katiba mpya ya kuifuta ile ya 1868. Smalls, mzee sasa, alikuwa mmoja wa wajumbe weusi sita waliokaa humo wakipinga mpaka mwisho. Walishindwa. Cardozo alikuwa Washington, akisahihisha kazi za wanafunzi.

Alifariki Julai 1903. Mwaka 1928 mji ule ulifungua shule ya sekondari ya biashara kwa vijana weusi na kuipa jina lake. Shule ikajaa kupita kiasi. Upande wa pili, katika kilima cha mtaa wa Clifton, Central High School, jengo kubwa lililojengwa kwa ajili ya wazungu, lilizidi kuwa tupu mwaka hadi mwaka. Mwaka 1950, baada ya mabishano makali, Central ilifungwa na Shule ya Cardozo ikahamia kilimani. Sheria ya kuwatenganisha watoto kwa rangi ilikuwa bado imebakiza miaka minne.